Ada Imelipwa, Koti Je?



Nimeombwa niseme machache juu ya Marekani, nilikofundisha hisabati miaka sita katika shule ya binafsi ya bweni. Jina lake sitalitaja, na mtaona kwa nini.

Shule hizo kwa miaka mingi zilikuwa za watoto wa Wazungu wenye mali. Mwaka 1963 baadhi ya wakuu wake walianzisha mpango uitwao A Better Chance, wa kuwatafuta vijana hodari, wengi wao weusi, na kuwapatia nafasi na msaada wa ada. Deval Patrick, mtoto wa kusini mwa Chicago, aliingia Milton Academy kwa njia hiyo mwaka 1970. Mwaka 2007 akawa gavana wa Massachusetts. Yeye husimulia kwamba sheria ya mavazi ilitaka jaketi. Shuleni maana yake ilikuwa koti la kuvaliwa na tai. Kwao Chicago ni lile jepesi la kuzuia upepo. Babu na bibi yake wakamnunulia jipya. Siku ya kwanza wenzake wakatoka na makoti ya heshima, yeye na jaketi lake.

Hayo niliyasikia. Haya niliyaona. Kila Novemba, Sikukuu ya Shukrani ikifika, mabweni yalifungwa. Jioni moja nilimkuta mwanafunzi wangu, mweusi peke yake darasani na wa kwanza katika hesabu, ameketi ngazini na begi. Msaada ulilipa ada na chakula. Nauli haikuwamo, naye aliona haya kusema. Nilikuwa nimesahihisha madaftari yake tangu Septemba, wala sikuwahi kumwuliza kwao ni wapi. Alikaa kwangu siku nne. (Alipika wali kumshinda mke wangu, jambo ambalo mke wangu hapendi nilitaje.) Ndipo akanieleza kwamba kila utumwa ulipotajwa darasani, vichwa vyote viligeuka kumtazama yeye. Mwalimu wa somo lile tulikuwa tukinywa chai pamoja kila siku.

Ndugu zangu, mfuko wetu hulipia ada vijana kadhaa hapa. Ni nani kati yao hana pa kwenda likizo ikianza? Mimi sijui, na leo asubuhi mmoja wao ndiye aliyenibebea mkoba.

Naomba kila mmoja wetu achukue mwanafunzi mmoja, amjue kwa jina, ajue na kwao. Karatasi anayo Katibu pale mlangoni. Jina langu limeshaandikwa.