Umeme wa Ziada Uingie Garini

Nchini Ujerumani, mwenye paneli mpya za sola juu ya paa akiuza umeme wa ziada kwenye gridi hulipwa takriban senti 8 za yuro kwa uniti. Usiku akinunua uniti moja, hulipa zaidi ya senti 30. Hesabu iko wazi: heri umeme huo uingie kwenye gari lake.

Kazi hiyo hufanywa na chaja inayosoma mita. Friji na mashine ya kufulia zikishapata umeme wake, unaobaki huelekezwa kwenye betri ya gari. Wingu likipita, chaja hupunguza kasi. Ila kuna kikomo: gari halichaji chini ya ampea 6, yaani takriban wati 1,400 kwa fezi moja. Ziada isipofika hapo, chaja husimama au huchota kwenye gridi.

Kikwazo kikubwa ni saa. Jua linapowaka, magari mengi yako kazini. Kwa hiyo waajiri na halmashauri za miji waweke paneli na chaja kwenye maegesho. Faida ya jua isiishie kwa mwenye nyumba. Mpangaji naye ana gari, na bili analipa.