Mgeni Mtundu na Mahali pa Mzaha

Leo twapenda kusema habari za mgeni. Hatumsemi mgeni wa siku mbili, ambaye huchinjiwa kuku kisha akasindikizwa mpaka njia panda. Twamsema mgeni ajaye kukaa. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Neno hilo ni la kweli, lakini halitoshi, maana jembe humfundisha mgeni kazi ya watu, wala halimfundishi mzaha wao. Nasi tumeona wageni wengi waliokosana na wenyeji wao, si kwa uvivu, bali kwa mzaha uliotolewa mahali pasipo pake.

Tulikuwa tukifundisha katika kijiji kimoja cha Uzaramo, penye vilima na mabonde, nchi ya minazi na mikorosho, ambako muhogo ndio akiba ya kila nyumba. Siku moja akaja kijana wa miaka 14 kutoka Dar es Salaam. Mama yake alimleta kwa mjomba wake, kwa kuwa kwa desturi ya Wazaramo mjomba ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake. Mama akasema, "Kaka, mtoto huyu amenishinda. Mji unamlea kuliko mimi." Akamwacha na kifurushi cha nguo, akarudi zake.

Kijana yule hakuwa mwizi wala mvivu. Lakini hakujua lililo wazi kwa kila mtoto wa pale. Alipita barazani pa wazee bila kuvua viatu. Alipokea kitu kwa mkono wa kushoto. Alipiga mluzi usiku, na bibi yake akamwambia kwamba anawaita nyoka, naye akacheka. Hayo yote yangaliweza kusamehewa. Kubwa lake lilikuwa kuiga watu. Akimsikia mtu mara moja tu, aliweza kutoa sauti yake, kikohozi chake, hata namna yake ya kuvuta pumzi kabla ya kusema. Watoto wakamfuata kama kuku wafuatavyo mtama.

Sisi wenyewe hatukusalimika. Asubuhi moja tuliingia darasani, tukasikia sauti yetu ikifundisha hesabu kabla hatujafungua kinywa. Kijana alikuwa amesimama mbele ya ubao, mkono mmoja nyuma, akiwakemea wadogo kama tulivyozoea kuwakemea. Tukampiga fimbo. Je, fimbo ilimfundisha nini? Ilimfundisha kuweka mtoto mmoja mlangoni wa kutazama kama mwalimu yuaja. Hilo ndilo somo alilolipata kwetu, nalo si somo la kujivunia.

Sasa sikilizeni jambo lililoleta mashaka. Katika kijiji kile nguruwe mwitu ni adui mkubwa. Huja usiku kwa makundi, na shamba la muhogo wakilala nalo usiku mmoja, asubuhi huoni ila mashimo. Kwa hiyo watu hujenga dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, na mlinzi hukaa humo usiku kucha na kutoa sauti awaonapo. Mlinzi wa upande wetu alikuwa mzee mmoja ambaye sauti yake ilijulikana na wote. Akiita yeye, hakuna aliyeuliza swali. Watu walitoka na mapanga na mbwa wao.

Usiku mmoja sauti ya mzee ikasikika, "Nguruwe! Nguruwe shambani!" Watu wakatoka mbio. Mtu mmoja akajikwaa kwenye kisiki, akaumia mguu hata hakuweza kulima kwa majuma mawili. Walipofika shambani hawakuona nguruwe. Wakamkuta mzee juu ya dungu akishangaa, akiapa kwamba hakuita. Wengine wakanong'ona kuwa mzee amezeeka, anaota ndoto na kupiga kelele. Kumbe kijana alikuwa nyuma ya mwembe, amejiziba mdomo asicheke.

Usiku wa tatu nguruwe wakaja kweli. Mzee akaita mpaka koo likamkauka. Watu wakageuka vitandani mwao wakasema, "Mzee anaota tena." Kulipopambazuka, shamba la mjane mmoja lilikuwa limefukuliwa karibu nusu, nalo ndilo lililokuwa chakula chake na cha watoto wake watatu.

Hapo ndipo watoto wakasema waliyoyajua. Wazee wakakutana barazani, mjomba ameinamisha kichwa kwa haya. Wengi walisema kijana arudishwe mjini siku ile ile. Sisi pia tuliulizwa, nasi twakiri kwamba tulisema vivyo hivyo, maana tulikumbuka lile la darasani. Lakini yule mzee wa dungu akasema, "Mkimrudisha, atakwenda na sauti yangu, nami nitabaki sina. Nipeni mimi. Alale nami juu ya dungu hata mavuno yaishe, tuite pamoja, watu wasikie sauti mbili. Na mchana amlimie mjane." Mjomba akashukuru, akaongeza kwa mjane magunia mawili ya muhogo wake mwenyewe. Shauri likakatwa hivyo.

Kijana akatii, lakini kwa chuki. Aliona kijiji hiki ni cha watu wasiopenda kucheka. Hata akafariki mzee mmoja mwenye mali, aliyejulikana kwa ubahili wa tumbaku. Watu wakakusanyika matangani, wanawake wakilia, wanaume kimya. Mara akatokea jirani mmoja, Mnyamwezi, amejifunga shuka kama marehemu, anatembea kwa mwendo wa marehemu, ameshika kikopo cha tumbaku kifuani. Akapita mbele ya wafiwa akisema kwa sauti ile ile ya marehemu, "Tumbaku imekwisha, njooni kesho!" Kisha akaenda akaketi juu ya udongo wa kaburi, akasema haondoki asipolipwa. Watoto wa marehemu wakacheka huku machozi yanawatoka, wakampa fedha kidogo, akaondoka.

Kijana akapigwa na bumbuazi. Alikuwa ameadhibiwa kwa kuiga sauti ya mtu hai shambani, na huyu anaiga sauti ya maiti mbele ya wanawe, naye anapewa fedha! Usiku ule juu ya dungu akamwuliza mzee, naye mwenyewe alitusimulia majibu aliyoyapata.

"Babu, mbona yule hakutozwa faini?"

"Mjukuu wangu, yule ni mtani wetu. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zamani za misafara. Kabla reli haijaanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Tabora mwaka 1912, Wanyamwezi walikuja pwani kwa miguu, wamechukua pembe za ndovu mabegani, nao walipita katika nchi yetu. Walikutana na babu zetu, mara kwa ugomvi, mara kwa chakula na maji. Ugomvi ukaisha, utani ukabaki."

"Basi mtani ana ruhusa ya kumcheka kila mtu?"

"Umemwona alipocheka. Je, ulimwona alfajiri? Yeye ndiye aliyeshika jembe la kwanza kaburini. Yeye ndiye aliyepasua kuni za matanga. Tukifiwa sisi, yeye huacha shamba lake. Akifiwa yeye, sisi tutaacha yetu, tutakwenda kumzikia na kumcheka. Mzaha wake ameulipia, na utarudishwa kwake. Wewe ulipochukua sauti yangu, ulinipa nini?"

Kijana akanyamaza. Mzee akaendelea, "Tena yule aliiga mchana, na kila mtu alijua kwamba anaiga. Wewe uliiga gizani ili watu wadhani ni mimi. Yule alituchekesha, wewe ulituibia."

Wasikilizaji wetu, sisi tumesomea ualimu, na twafundisha wengine kuwa walimu, lakini hatukupata kumweleza kijana yule jambo hili kwa maneno machache namna hii. Tulidhani kwamba shida yake ni mzaha, tukataka kuung'oa. Mzee aliona kwamba shida yake ni kutojua mlango wa mzaha uko wapi. Kijiji hakikuchukia kicheko. Bibi humwita mjukuu wake mume wangu, na mjukuu humdai chakula kama mwenye nyumba, watu wakacheka. Mabinamu hutaniana pasipo mtu kukasirika. Watani hutaniana hata makaburini. Lakini mtu hamtanii mkwewe, wala mtoto hamtanii baba yake, na hakuna atakayetania kwa jambo ambalo uhai wa watu umelitegemea, kama sauti ya mlinzi usiku. Hayo yote wenyeji wanayajua tangu utotoni, hata wamesahau kwamba walifundishwa. Mgeni atayajuaje?

Kijana hakugeuka malaika. Wako wazee ambao hawakumpenda mpaka mwisho. Lakini siku ya kufunga shule alitujia nyumbani, akavua viatu, akaamkia, akaomba ruhusa atuige mbele ya wanafunzi wote na wazazi wao. Tukasita, kisha tukakubali. Basi tukaketi kitini tukajitazama wenyewe: kikohozi chetu, mkono wetu nyuma, na kelele zetu kwa watoto wadogo wa darasa la kwanza. Watu wakacheka sana. Nasi tulicheka, ingawa tulichelewa kidogo kuanza. Na tangu siku ile tumejitahidi kuwapunguzia kelele watoto wadogo. Hilo ndilo alilotulipa.

Kwa hiyo twawaambia wenyeji: Mgeni wenu akikosa, kabla hamjashika fimbo jiulizeni kama kuna mtu aliyemwonyesha mlango. Na wewe uliye mgeni, wahenga walisema, "Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako." Halikwambii ulitoboe, lakwambia ufumbe, utazame kwanza kwa lile moja wanavyotazama wao. Kicheko chako usikitupe. Kiweke, uulize kinakaa wapi, na ukumbuke kukilipia.

Kuhusu mzee wa dungu, mavuno yalipokwisha watu walikuwa wamezoea sauti zile mbili. Kijana aliporudi kwa mama yake mjini baada ya miaka miwili, mzee aliita peke yake usiku wa kwanza, na watu wote wakatoka na mapanga yao.