Ndoa Haivunjwi Kambini

Wako askari wanaoamini kwamba ndoa imekwisha siku mume alipofunga sanduku lake na kuhamia mtaa mwingine. Wengine hudhani imekwisha wazee wa pande mbili walipokutana kuzungumzia mahari. Huko Buyenzi, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani, wapo wanaotosheka na neno la talaka lililotamkwa mbele ya mashahidi.

Sheria ya nchi haisemi hivyo. Sheria ya Watu na Familia, iliyorekebishwa tarehe 28 Aprili 1993, iliondoa haki ya mume kumfukuza mkewe kwa kauli yake peke yake. Ndoa iliyoandikwa katika kitabu cha komuni huvunjwa na mahakama tu. Mpaka hukumu itolewe, aliyehama angali mume, na mke wa pili anayemweka Kamenge au Kinama si mke mbele ya sheria, hata akiwa amemzalia watoto watano.

Jambo hili lawagusa watu wa jeshi kuliko wengi. Tangu Desemba 2007 maelfu ya askari wa Burundi walipelekwa Somalia kwa zamu. Mshahara wa huko ulinunua viwanja na kujenga nyumba, na mara nyingi aliyesimamia mafundi na kuhesabu mabati ni mke aliyebaki. Ndoa ikivunjika, hati hutolewa mfukoni ikiwa na jina moja. Na kwa kuwa kwa miongo mingi baada ya uhuru wa 1962 mali ya ndoa na urithi viliachiwa mila, mwanamke asiye na karatasi wala mshauri huondoka na godoro na watoto. Huo si uungwana, wala si ushujaa.

Msaada upo, ingawa wengi hawaujui. Mlango wa kwanza ni mahakama ya makazi, iliyo karibu na wananchi, ambako mtu huweza kueleza shauri lake mwenyewe bila wakili. Asiye na uwezo huomba komuni impe cheti cha ufukara, ili asizuiwe na gharama. Chama cha Wanawake Wanasheria wa Burundi nacho hushauri na kusaidia kuandaa mashtaka. Wazee wa mtaa wanaweza kusuluhisha, na ni vema wasikilizwe kwanza. Lakini kuivunja ndoa hawawezi. Kuhusu watoto, hakimu hutazama maslahi yao, si cheo cha baba.

Askari polisi naye ana sehemu yake. Mara nyingine huitwa usiku na rafiki, pengine mkubwa wake kazini, amtoe mwanamke nyumbani. Kabla ya kugusa kitasa cha mlango, hana budi kuuliza: hukumu ya mahakama iko wapi? Isipokuwapo, mwanamke huyo yumo nyumbani mwake, na polisi amekwenda kumlinda.