Taarifa za Gesi Chafu: Nani Anarahisishiwa Kazi?



Hakuna mtumishi wa umma asiyeijua adha ya fomu. Ofisi mbili hutaka takwimu zile zile kwa majedwali tofauti, na afisa aliyeajiriwa kusimamia kazi huishia kuandika habari za kazi ambayo hakupata nafasi ya kuiona. Kwa hiyo makampuni ya mafuta na gesi ya Marekani yanapolalamika kwamba taratibu za kutoa taarifa za gesi chafu ni ndefu mno, malalamiko hayo hayafai kudharauliwa. Yafaa yachunguzwe.

Taratibu hizo ziliwekwa na Shirika la Hifadhi ya Mazingira la nchi hiyo mwaka 2009, na sehemu inayohusu mafuta na gesi ikafuata mwaka 2010. Gesi inayotiliwa mkazo ni methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia. Haina rangi wala harufu, lakini katika kipindi cha miaka 20 hunasa joto zaidi ya mara 80 ya kaboni dioksaidi yenye uzito ule ule.

Ugumu wa fomu unatoka wapi? Kwa sehemu kubwa unatokana na kutopima. Kwa miaka mingi kampuni iliruhusiwa kuhesabu vali na mitambo yake, ikazidisha idadi hiyo kwa viwango vya wastani, vingi vikiwa vimetokana na uchunguzi wa mwaka 1996, kisha ikaandika jibu. Ni sawa na mwalimu anayetoa alama kwa kuhesabu madawati. Vali iliyofungwa barabara na vali inayovuja usiku kucha zilipata alama moja. Majedwali yalijaa, lakini hakuna aliyelazimika kwenda kisimani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science, uliotumia vipimo vya visimani na vya angani, ulikadiria kwamba methani iliyopotea mwaka 2015 ilizidi makadirio ya Shirika kwa kiasi cha asilimia 60.

Njia ya kurahisisha, basi, ipo: kipimo halisi kichukue nafasi ya makisio. Marekebisho ya Mei 2024 yalianza kuelekea huko. Hayakuwa mafupi, hilo lisemwe wazi, na mwenye visima vichache ana haki ya kudai jedwali analoweza kulijaza bila kuajiri mwanasheria.

Lakini wakubwa wa biashara hiyo walikuwa na hofu nyingine. Sheria ya mwaka 2022 iliweka tozo ya dola 900 kwa kila tani ya methani ya mwaka 2024 iliyozidi kiwango. Fomu ikageuka kuwa hati ya malipo. Machi 2025 kanuni za kukusanya tozo hiyo zilifutwa. Julai tozo yenyewe ikaahirishwa hadi 2034. Septemba Shirika likapendekeza kwamba viwanda vingi viondolewe kabisa wajibu wa kutoa taarifa, na kwamba taarifa za sehemu kubwa ya mafuta na gesi zisimamishwe hadi 2034, likisema kuwa hadi dola bilioni 2.4 zingeokolewa.

Pendekezo la namna hiyo haliwezi kuitwa kurahisisha. Mwanafunzi aliyeomba mtihani mfupi amepewa likizo. Oktoba 2015 kisima cha kuhifadhia gesi huko Aliso Canyon, California, kilipasuka, na hadi kilipozibwa Februari 2016 kilikuwa kimemwaga tani 97,000 hivi za methani. Maelfu ya familia zilihama. Kiasi hicho kilijulikana kwa sababu ndege ilitumwa kupima. Uvujaji mdogo mdogo wa kila siku hautumiwi ndege. Unategemea taarifa hizo hizo.

Isitoshe, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 iliweka masharti ya vipimo vya methani kwa gesi inayoagizwa kutoka nje, na Ulaya ni mnunuzi mkubwa wa gesi ya Marekani. Muuzaji aliyesamehewa fomu nyumbani aweza kujikuta akijaza fomu ya mnunuzi, kwa vipimo atakavyovigharimia mwenyewe.