Mafunzo ya Sikio: Mhadhara wa Umma juu ya Kujifunza Unasihi



Kwa muda mrefu, yaliyosemwa baina ya mnasihi na mtu aliyemjia na dhiki yake yalibaki ndani ya chumba kile, na mwanafunzi aliyetaka kuijua kazi hakuwa na njia ila kusadiki alichosimuliwa na mwalimu wake, ambaye naye alisimulia alichokikumbuka; na aghalabu mtu hulikumbuka neno lake lililofaa kuliko lile lililoharibu. Mwaka 1940 mwanasaikolojia Carl Rogers alihamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, na huko yeye na wanafunzi wake wakaanza kunasa mazungumzo hayo katika santuri, ambazo kila upande ulichukua dakika chache tu; na katika kitabu alichokitoa mwaka 1942 alichapisha, neno kwa neno, vikao vinane vya mteja mmoja aliyempa jina la Herbert Bryan. Waliojidhania kuwa wasikilizaji wakasikia, kwa sauti zao wenyewe, jinsi walivyokuwa wakimwelekeza mteja kuliko walivyokuwa wakimsikiliza.

Naiona siku ile kuwa ndiyo ulipoanza ufundishaji wa kweli wa taaluma yetu, na muradi wangu leo ni kuwasihi nyinyi wenye madaraka ya chuo muupe nafasi yake ufundishaji wa namna hiyo, kwa kuwa mwanafunzi aweza kuzihifadhi nadharia zote na kufaulu mitihani yote, naye asiwe amepata kumsikiliza mtu hata robo saa.

Nitawaeleza zoezi moja. Wanafunzi huketi watatu watatu: mmoja mnasihi, mmoja mteja, na wa tatu mtazamaji asiyeruhusiwa kusema mpaka mwisho. Mchukueni binti wa mwaka wa pili aliyeketi mbele ya mwenzake anayeigiza mjane. Mjane anasema, “Tangu mzee atutoke, sipiki tena chakula cha jioni.” Binti, kwa huruma ya kweli na kwa malezi mema aliyolelewa, anajibu upesi, “Pole sana, mama. Mungu atakupa nguvu. Jitahidi ule, watoto wanakutegemea.” Maneno haya hayana ubaya, na msibani ndiyo yapasayo, walakini sauti iliyonaswa inapochezwa tena, binti anasikia kitu ambacho hakukisikia alipokuwa akisema: mjane ameitikia “Haya,” na mazungumzo yamekwisha. Msimamizi anamtaka arudie. Mara hii anangoja, na kimya kinarefuka hata mtazamaji anajigeuza kitini, ndipo anaposema, “Jioni ndiyo saa mliyokuwa mkila pamoja.” Na yule mwenzake, ambaye mpaka hapo alikuwa akiigiza tu, anaanza kueleza habari za mlango uliokuwa ukibishwa kila siku baada ya magharibi.

Ili aiseme sentensi ile moja, binti alilazimika kuizuia pole, kuizuia dua, na kuuzuia wasia, mambo matatu aliyofunzwa tangu utotoni kuwa ndiyo heshima ya kumpa mwenye msiba. Jitihada hiyo ni kubwa, wala hakuna kitabu kiwezacho kuifanya kwa niaba yake.

Lakini mbinu nayo ina hatari zake. Yupo mwanafunzi anayerudisha kila analoambiwa: mteja akisema amechoka, naye husema, “Unasema umechoka,” akadhani amekwisha fahamu. Rogers mwenyewe, katika makala ya mwaka 1975, alieleza jinsi alivyoshtushwa na upotoshaji wa namna hii, hata kwa miaka mingi akawa hasemi sana juu ya usikilizaji huo aliouasisi. Kadhalika Allen Ivey na wenzake huko Colorado, mwishoni mwa miaka ya 1960, waliugawa ufundi huu katika stadi ndogo ndogo, kila moja ifunzwe peke yake mbele ya kamera, na ya kwanza yao ilikuwa kumkabili msemaji kwa macho na kwa mwili wote. Ni msaada mkubwa kwa anayeanza, nami nautumia. Hata hivyo Ivey alikuja kufundisha kwamba adabu ya macho hutofautiana kwa mila, na sisi tunajua: kijana wa Pemba au Lamu akimkazia macho mtu wa umri wa baba yake atahesabiwa hana adabu, na mzee yule hatafungua kinywa tena.

Kuna wanaoshikilia kwamba kazi hii ni ya wenye shahada ndefu peke yao. Lakini mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare mjini Harare, Dk. Dixon Chibanda aliwaanzishia akina bibi wahudumu wa afya kazi ya kuketi na wagonjwa wa sonona na wasiwasi kwenye benchi nje ya zahanati, wamsaidie kila mmoja kuchagua tatizo moja na hatua moja ya kulikabili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusu watu 573 katika zahanati 24, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliohudumiwa na bibi hao walikuwa na dalili chache kwa mbali kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mafunzo yao ya awali hayakutimia wiki mbili. Ila hawakuachwa peke yao, kwani usimamizi wao uliendelea, na nawaombeni sana mwitazame sehemu hiyo ya habari, ambayo wengi wanaolisifu benchi lile huiruka.

Ombi langu basi ni vyumba vidogo vyenye milango inayofungika, vinasa sauti, ridhaa ya maandishi ya kila mteja kabla sauti yake haijanaswa, kabati lenye kufuli, siku iliyowekwa ya kufuta kila kilichonaswa, na, fauka ya hayo yote, wasimamizi wa kutosha, maana msimamizi mmoja hawezi kuzisikiliza kwa makini sauti za darasa la watu mia. Gharama yake ni ndogo kuliko ya ukumbi mmoja mpya. Hesabu nimeiandika, nami nitaikabidhi ofisini kwa Makamu Mkuu wa Chuo kabla bajeti ya mwaka ujao haijafungwa.