Kitone cha Kijani Hakinyweki



Juma lililopita nilikuwa Kiloleli, mkoani Simiyu. Siku mbili kabla ya safari, katika ofisi moja, nilionyeshwa ramani nzuri kwenye kompyuta. Kila kisima kilikuwa na kitone: kijani ni kizima, chekundu ni kibovu. Nilipofika kwenye kitone kimoja cha kijani, nilikuta pampu haina hata mpini. Mama mmoja alikuwa akipita na ndoo kichwani. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu," nikamwonyesha ile ramani katika simu yangu. Akacheka: "Mwanangu, hicho kijani chako kinanyweka?"

Sikuwa na jibu. Nilikumbuka mradi wa Maji Matone, ulioendeshwa na asasi ya Daraja hapa nchini hadi mwaka 2011. Wananchi waliombwa kutuma ujumbe wa simu kisima kinapoharibika, ili wahandisi wa maji wa wilaya wapate habari. Zilitarajiwa taarifa 3,000. Katika miezi sita zikapatikana 53. Daraja wenyewe walikiri hadharani kuwa mradi haukufaulu, na huo ni uungwana. Wachota maji ni kina mama na watoto, lakini simu nyingi zilikuwa mifukoni mwa kina baba. Tena watu walishachoka kusema bila kujibiwa.

Sizikatai ramani. Mwaka 2008, ghasia zilipozuka Kenya baada ya uchaguzi, wananchi walituma taarifa zikawekwa kwenye ramani ya Ushahidi, na walimwengu wakaona. Mwaka 2015 vijana wa Ramani Huria, wakiwemo wanafunzi wa vyuo vikuu, walipita mitaa ya Dar es Salaam kwa miguu wakichora mifereji na nyumba, kwa sababu ya mafuriko. Waliwauliza wenyeji.

Basi ombi langu ni dogo. Ramani ya visima ichapwe, ibandikwe ofisi ya kijiji. Isomwe kwenye mkutano wa kijiji, na kina mama ndio wawe wasahihishaji. Kando ya kila kitone chekundu iandikwe tarehe ya taarifa, na jina la anayepaswa kujibu.

Yule mama hakungoja hotuba yangu. Alikwenda zake, kwani maji yalikuwa bado mbali.

Kwaherini, hadi juma lijalo.