Leseni Moja, Kompyuta Moja: Tuulize Kabla ya Kumlipa Fundi

Maneno ya Ofisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa Kata ya Chiungutwa



Kompyuta si mgeni tena kwetu. Ipo katika ofisi ya shule, katika chama cha ushirika msimu wa korosho, na katika stesheneri inayotuchapia barua. Mara nyingi hununuliwa ikiwa imetumika, kisha huitwa fundi "aipige Windows". Fundi huja na flashi moja na kuweka mfumo uleule katika kompyuta tano au kumi. Swali ambalo haliulizwi ni hili: je, tumenunua haki ya kuutumia?

Mfumo endeshi haununuliwi kama jembe. Jembe ukilinunua ni lako, hata ukimwazima jirani. Mfumo endeshi hubaki kuwa mali ya aliyeutunga. Tunachonunua ni leseni, yaani ruhusa ya kuutumia kwa masharti. Kwa Windows, sharti kuu ni leseni moja kwa kompyuta moja.

Leseni iliyokuja na mashine kutoka kiwandani imefungwa kwenye mashine hiyo; ikifa, nayo imekwisha. Iliyonunuliwa peke yake dukani yaweza kuhamishwa, mradi ifutwe kwanza katika kompyuta ya awali. Taasisi yaweza kuingia mkataba wa kompyuta nyingi, lakini kila mashine huhesabiwa, na kwa kawaida hutakiwa iwe na leseni yake ya msingi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inakataza kutumia kompyuta kukiuka haki hizo. Adhabu ni faini au kifungo, na huwa kubwa zaidi kosa likifanywa kibiashara. Wenye stesheneri na mafundi walizingatie hilo.

Hata kabla ya mahakama, kuna hasara nyingine. Programu za kuvunja kufuli la leseni mara nyingi hubeba virusi. Hesabu za malipo ya wakulima au alama za wanafunzi zikipotea, tutamdai nani bila risiti? Zaidi ya hayo, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya kuihuisha Windows 10, na kompyuta nyingi kuukuu hazitimizi masharti ya Windows 11.

Asiye na fedha za leseni hana sababu ya kuiba. Ipo mifumo huria, kama Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo, kwa Kizulu na Kixhosa, ni utu. Leseni yake inaruhusu kuuweka katika kompyuta moja au mia, na kumgawia jirani, bila malipo. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Hata hivyo, si kila programu ya Windows hufanya kazi katika Ubuntu. Jaribuni kwanza katika kompyuta moja, pamoja na printa yenu.

Ndugu wananchi, kabla ya kulipa tumuulize fundi mambo matatu: leseni hii ni ya aina gani, inaruhusu kompyuta ngapi, na risiti yake iko wapi? Majibu tuyaandike katika daftari la mali, mbele ya kila kompyuta. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.